Uyoga Unakula Minyoo, Lakini Hauponyi Shamba Peke Yake

Ukipanda kutoka soko la Kathiani, Ukambani, kuelekea vilima vya Iveti wakati wa mvua za vuli, katika mashamba ya matuta utaona vipande vya nyanya au sukuma wiki vilivyodumaa. Majani yamepauka, na saa sita mchana mimea imelegea ilhali udongo chini yake una unyevu. Ng'oa mmoja taratibu, usiuvute kwa pupa, kisha uoshe mizizi. Ikiwa imevimba mafundo, hao ni nematodi wa fundo, minyoo wadogo wasioonekana kwa macho ambao hujichimbia ndani ya mzizi na kunyonya. Kwa maharagwe, angalia vizuri kabla ya kuanza kulia. Vinundu vinavyoupa mmea nitrojeni hubanduka ukivisugua kwa kidole, na ukikipasua kimoja kilicho hai utakuta ndani kina rangi ya waridi. Fundo la nematodi ni mzizi wenyewe uliofura. Halibanduki.

Penye ugonjwa usio na dawa rahisi, maneno hayakosi. Siku hizi yanahusu uyoga wa oyster. Mmoja anasema uyoga huo huwala minyoo hao, wa pili anamcheka, na wa tatu tayari anauza mifuko ya masalia ya uyoga akiiita dawa. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli na kukitia chumvi. Tuyapime wanayoyasema.

"Uyoga hula kuni. Habari ya kuwinda ni ngano."

Si ngano. Mwaka 1984 R. Greg Thorn na George Barron wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha katika jarida la Science taarifa fupi kuhusu uyoga wala nyama. Waliwaweka nematodi pamoja na kuvu zinazoozesha miti, wakaona baadhi yake, zikiwemo za jenasi Pleurotus na Hohenbuehelia, zikiwashambulia minyoo na kuwala. Pleurotus ostreatus ndiyo hii hii oyster inayouzwa kwenye supamaketi za Nairobi, na ambayo wakulima wengi hununua mbegu yake Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kule Juja.

Sababu yake ni njaa ya aina fulani. Gogo la mgrevilea lililolala ukingoni mwa shamba lina kaboni tele lakini nitrojeni ni haba mno. Kwa kila gramu 1 ya nitrojeni kuna mamia ya gramu za kaboni. Kuvu inayokaa humo ni kama mtu aliyepewa ugali usiokwisha pasipo mboga: tumbo limejaa, mwili haujengeki. Bila nitrojeni hakuna protini, na bila protini uyoga hauwezi kutokeza nje ya gogo. Sasa ndani ya gogo hilo hilo lililolowa mna nematodi wengi, wengine wakila bakteria, wengine wakizila kuvu zenyewe. Thorn na Barron wakatoa hoja kwamba kuvu hizi hujazia pengo la nitrojeni kwa kuwala nematodi hao. Kwa hiyo anayesema uyoga hula kuni amesema kweli, ila hajamaliza sentensi.

"Huwanasa kwa wavu."

Hapa ndipo anayeipenda habari hii ameipenda kupita kiasi. Picha zinazozunguka kwenye simu, za mnyoo aliyekwama kwenye matanzi ya nyuzi, kwa kawaida si za oyster. Ni za kuvu kama Arthrobotrys oligospora, ambayo Mjerumani Wilhelm Zopf aliiona ikinasa nematodi mwaka 1888. Hiyo husuka matanzi yenye gundi. Jamaa zake wengine wana vitanzi vya seli tatu ambazo hufura ghafla mnyoo akipenya katikati, akakabwa kufumba na kufumbua. Hohenbuehelia, ambayo ni uyoga wa kwenye mti hasa, ina vifundo vya gundi vilivyobanwa kiunoni. Mnyoo akigusa kimoja, amekwisha.

Oyster haina wavu wala tanzi. Ukiziweka nyuzi zake chini ya hadubini utaona vikonyo vifupi vimeota ubavuni, na juu ya kila kikonyo kichwa cha mviringo. Watafiti huviita toksosisti. Nematodi akipita akakigusa, kichwa kinapasuka na kuachia sumu. Ndani ya dakika chache mnyoo ameganda, hajikunji tena. Baadaye nyuzi zinaelekea alipo, zinamwingia, mara nyingi kupitia kinywani, na kumyeyusha kutoka ndani.

Sumu yenyewe ilichukua muda mrefu kujulikana. Mwaka 1992 ilitajwa asidi fulani iliyotolewa kwenye kuvu hii, na wengi wakaridhika nayo. Mwaka 2020 maabara ya Yen-Ping Hsueh katika taasisi ya Academia Sinica, Taiwan, ilionyesha kwamba shambulio hupitia kwenye vinywele vidogo vya neva za hisia za mnyoo. Minyoo waliozaliwa na kasoro kwenye vinywele hivyo walitambaa juu ya kuvu na wasipate kitu. Mwaka 2023 maabara hiyo hiyo ikakitaja kilichomo ndani ya kichwa cha toksosisti: 3-oktanoni, kemikali inayogeuka mvuke upesi. Mvuke huo huharibu utando wa seli, kalsiamu inafurika ndani, na kifo kinasambaa seli hadi seli mpaka mwili mzima. Walitengeneza pia kuvu za oyster zenye hitilafu za kijeni, na zile zilizoshindwa kuota toksosisti zilishindwa pia kuua. Ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuupinga.

Mbona nimekawia hapa? Kwa sababu mwuzaji wa mifuko anakuambia kuvu "inawatafuta" minyoo shambani. Haiwatafuti. Kichwa kile kinangoja kiguswe, na asiyekigusa anaendelea na safari yake.

"Hayo ni ya maabara za ng'ambo. Huku kwetu hayapo."

Yapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, miongoni mwao Wachira, Okoth na Kimenju, walichunguza udongo wa Taita Taveta na mwaka 2009 wakachapisha orodha ya kuvu zinazoua nematodi walizozipata mashambani na msituni. Arthrobotrys oligospora ilijitokeza sana, na Nematoctonus nayo ilikuwamo. Nematoctonus ndilo jina la zamani la hali ya nyuzi ya jamaa ya Hohenbuehelia, kwa hiyo ukoo wa wala miti wanaonasa minyoo uko nyumbani kabisa. Mbuga ya Tsavo ikiwa katikati, Taita na Ukambani ni majirani.

Msiuchanganye tu na ule uyoga wa kwenye vichuguu ambao watoto wa Kathiani huuchuma mvua ikianza. Ule ni Termitomyces, na hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu. Ni mtamu kuliko oyster, ukiniuliza mimi, lakini hauhusiani na habari hii.

"Uyoga uliokula minyoo una sumu. Usiwape watoto."

Toksosisti huota kwenye nyuzi, zile nyeupe zinazojaa ndani ya mfuko. Tunachokula ni kikofia na shina. Na 3-oktanoni si kitu cha kuogofya mezani: hupatikana pia kwenye mlavenda, na hutumika kutia harufu na ladha. Kinachomuua kiumbe chenye urefu wa nusu milimita, kilichozingirwa na mvuke huo pande zote, hakifanyi hivyo kwa mtu aliyekula sahani ya uyoga uliokaangwa na vitunguu.

Kuna wanaouliza jambo jingine kwa sauti ya chini, hasa wasiokula nyama kwa sababu ya imani: je, oyster ni nyama? Ule wa kibandani umekuzwa juu ya mabua, magunzi au maganda ya maharagwe yaliyochemshwa au kupigwa mvuke kwenye pipa, na joto hilo limekwisha kuua minyoo iliyokuwemo. Hata ule wa porini haubaki na mnyoo ndani. Alichokuwa nacho mnyoo kimevunjwa kikawa nitrojeni, sawa na nitrojeni ya samadi inayoingia kwenye sukuma wiki. Kula kwa amani.

Hatari ya kweli iko kwingine, na haizungumzwi. Oyster iliyokomaa humwaga mbegu zake hewani kwa wingi mno, vumbi jeupe linalotanda juu ya mifuko. Mtu anayeshinda ndani ya kibanda kisichopitisha hewa anaweza kupata ugonjwa wa mapafu: kikohozi, homa na kubanwa kifua baada ya kazi. Vuna kabla kingo za vikofia hazijageuka juu, fungua madirisha, vaa barakoa. Hilo lina maana kuliko hofu ya minyoo.

"Uyoga wowote mweupe wa kwenye gogo ni oyster."

Hapana, na hili halina utani. Japani ina uyoga uitwao Omphalotus japonicus, unaoota kwenye magogo kwa mafungu kama oyster, na ni miongoni mwa unaoongoza nchini humo kwa kuwapeleka watu hospitalini. Watu huuchuma wakidhani ni mzuri. Kama hujafundishwa na anayejua, nunua.

"Changanya masalia ya uyoga kwenye udongo, na nematodi wataisha."

Hili ndilo dai linalouzwa kwa pesa, kwa hiyo tulikalie.

Masalia ni ile mifuko iliyochoka baada ya mavuno mawili au matatu. Ndani bado mna nyuzi hai za oyster, na hapo ndipo hoja inapojengwa: nyuzi zinaua nematodi, mfuko umejaa nyuzi, basi mfuko unaua nematodi. Kwenye vyungu vya majaribio masalia ya aina hii yamepunguza mafundo mizizini. Sikatai. Lakini kutoka chungu hadi shamba la Kathiani kuna vizuizi kadhaa ambavyo mwuzaji havitaji.

Kwanza, maisha ya adui. Nematodi wa fundo huwa wazi kwa muda mfupi tu, akiwa mchanga anayetafuta mzizi, urefu wake kama nusu milimita. Akishaingia, jike hufura umbo la pea, hatoki tena, na hutaga mayai mamia ndani ya ute unaoyalinda. Katika udongo wa joto mzunguko huo huchukua takribani mwezi mmoja. Sumu inayotaka kuguswa haimfikii jike aliye ndani ya mzizi, na mayai hayatambai yakagonga kichwa cha toksosisti. Kwa mayai kuna kuvu nyingine kabisa, Purpureocillium lilacinum, ambayo huyavamia mayai yenyewe, na dawa zake za kibiolojia zimesajiliwa nchini na kuuzwa katika agroveti.

Pili, oyster ni mkazi wa mti, si wa udongo. Mkulima yeyote wa uyoga anaujua ukungu wa kijani, Trichoderma, unaoingia kwenye mfuko usiochemshwa vizuri na kuuharibu wote. Ikiwa oyster hushindwa hata ndani ya mfuko uliopigwa mvuke, unatarajia nini ukiitupa katika udongo wazi wenye Trichoderma na maadui wengine chungu nzima? Itaishi kwa muda kwenye vipande vya mabua iliyokuja navyo, kisha itazidiwa.

Tatu, na hili limewaumiza watu. Masalia mabichi bado yana kaboni nyingi kuliko nitrojeni. Ukiyafukia kwenye tuta kisha ukapanda juu yake wiki hiyo hiyo, viumbe wa udongo watainyakua nitrojeni iliyopo ili wayaozeshe mabua, na miche yako itageuka manjano. Mkulima atadhani nematodi wamezidi, aongeze masalia mengine, na manjano yazidi. Nawajua waliofika hapo. Njia salama ni kuyaozesha kwanza pamoja na samadi, au kuyatandaza juu kama matandazo bila kuyachimbia. Ukiyaozesha, joto la mboji litaua nyuzi za oyster, na ile hoja ya uwindaji imekwisha. Umebaki na mboji nzuri.

Na mboji nzuri si kitu kidogo. Udongo wenye mboji hulisha kuvu na bakteria wengi, wakiwemo wanaowasumbua nematodi, huhifadhi maji, na mmea wenye mizizi iliyoharibika kidogo huweza kuvumilia. Huenda hilo ndilo baadhi ya wakulima wanaloliona wanaposema masalia "yamefanya kazi". Basi tuiite mboji na tuilipie bei ya mboji.

Ukitaka kujua mwenyewe, acha mistari michache ya nyanya bila masalia katika kipande hicho hicho cha tuta. Mwisho wa msimu ng'oa mizizi ya pande zote mbili uilinganishe. Shamba lote likiwekwa kitu kimoja, hakuna anayeweza kusema kilichosaidia ni masalia, mvua au mbegu.

"Kuvu hiyo itaua hata minyoo wazuri."

Kuna haki katika hofu hii. Nematodi wengi wa udongo hawana ubaya; hula bakteria na kuvu, na kwa kufanya hivyo huachia nitrojeni ambayo mimea huitumia. Toksosisti haichagui mzuri na mbaya. Lakini kuvu na nematodi wameishi pamoja tangu kale: ndani ya kaharabu ya Ufaransa iliyoelezwa mwaka 2007 kuna kuvu yenye vitanzi pamoja na nematodi, na umri wake ni kama miaka milioni 100. Hakuna upande uliowahi kuumaliza mwingine. Kinachofagia wazuri na wabaya kwa pamoja ni gesi kama methili bromidi, ambayo mashamba makubwa ya maua na mboga ya Kenya yaliitumia kwa miaka kabla ya kuondolewa chini ya Mkataba wa Montreal. Hofu hiyo ielekezwe huko.

"Gogo linalooza ndilo linaloleta nematodi. Lichome."

Usilichome. Minyoo wa kwenye gogo kwa kawaida si wale wa fundo, kwa sababu wa fundo wanahitaji mzizi hai. Wanaoingia shambani huja na miche kutoka kitalu kichafu, udongo ulioganda kwenye jembe na viatu, na maji yanayoteremka kutoka tuta la juu. Kwa miguu yao wenyewe, kama wangekuwa nayo, hawangevuka tuta moja kwa msimu. Kagua mizizi ya miche kabla ya kulipa, na usirudie nyanya, sukuma wiki na maharagwe katika kipande kimoja mwaka baada ya mwaka. Msimu wa nyasi ya boma Rhodes huwanyima chakula, na ng'ombe hatalalamika. Kuna mbegu za nyanya zinazowakinza, ila udongo ukizidi nyuzijoto 28 kinga hiyo hulegea, kwa hiyo kule chini penye joto usiitegemee peke yake.

Sasa neno kwa aliyekwisha kutoa mkoba. Nchini Kenya bidhaa yoyote inayouzwa kama kiuawadudu, iwe ya kemikali au ya kuvu, lazima isajiliwe na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu (PCPB), na nambari ya usajili iwe kwenye kibandiko. Mwuzaji akikuambia mfuko wake ni dawa ya nematodi, mwombe nambari hiyo. Asipokuwa nayo, mwambie utanunua mboji, na mkubaliane bei upya.